Alama Zetu Ndani ya Unga wa Muhogo

Ninyi mnaosema mimi naongeza chumvi, leo nyamazeni. Hii haina hata chembe. Ilinipata mimi mwenyewe hapa Baraka, saa saba mchana, jua likiwaka na tumbo limeshiba. Na mpaka leo nina hasira.

Ilikuwa miaka ya vita. Tulikuwa watu wazima kumi na tisa, tumemaliza shule ya usiku, na alama zetu zote Mwalimu Wilondja alizipiga ndani ya kompyuta yake. Karatasi hakuna. Mimi nilikuwa na sabini na nane, alinionyesha kwa kidole chake. Kisha akaenda Kilembwe kumwangalia mama yake, akaniachia mashine kwa maneno mengi kuliko mtu anayeacha mtoto mchanga: ifute kwa kitambaa kikavu, usiiwashe juu ya godoro, acha feni yake ipumue, usile karibu nayo. Ndiyo, Mwalimu. Nilisema ndiyo mara mia!

Wiki ileile risasi zikalia upande wa Nundu. Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Kwetu kila mtu alikimbia na unga, na kila mtu alificha kitu ndani yake: redio, picha za harusi. Mimi nikazika kompyuta katikati ya mfuko wa unga wa muhogo, bila hata plastiki, nikajiona mjanja wa Fizi nzima. Kweli, hakuna mwenye bunduki aliyeigusa.

Tuliporudi nikaipangusa kwa mkono wa shati, nikaiwasha. Mungu wangu! Ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima wa Misisi na watu wanne, ikawa moto wa kukaanga ndagala wa ziwani, ikazimika. Kuiwasha tena, kimya.

Mama Nyassa, mwenzangu wa darasa, alikuwa amepata nafasi ya kazi kwenye maternité ya Nundu, kule wanakozalisha akina mama. Bila cheti kufika Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Weye papa, alama zetu ulizipika bugali?"

Majirani walicheka. Mimi sikucheka.

Alipoondoka tu, akaingia Mwalimu Wilondja. Viatu safi, bila tone la tope, na barabara ya Kilembwe wakati wa mvua mnaijua! Wala hakusalimu. Ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa naogopa kugombezwa.

"Karibu Mwalimu, mama iko muzima?"

"Toa betri."

Akafungua vis, zile skrubu za chini, akazipanga mezani moja moja. Akapitisha burashi laini, akashika feni kwa kidole isizunguke, akapuliza mara moja tu. Niamini, unga ulitoka ukanifika magotini! Sawa, kwenye vifundo vya miguu. Lakini pumzi ile ilikuwa baridi kama maji ya ziwa alfajiri.

"Hii ni mashini ao ni sufuria? Nani alikufundisha?"

"Ni weye mwenyewe, Mwalimu."

"Basi nilifundisha ukuta."

Akairudishia betri, akaiwasha. Ikawaka bila kunguruma. Akafungua orodha ya alama, akabonyeza hapa na pale, akatoka. Nikakimbilia mlangoni nimshukuru. Njia tupu. Na kwenye unga uliotapakaa sakafuni, nyayo zilikuwa zangu tu.

Jioni habari ikafika: Mwalimu Wilondja alikufa Kilembwe kwa malaria, siku nane zilizopita. Dawa za hospitali zilikuwa zimeporwa. Mtu mzima, mwalimu, anakufa kwa kukosa vidonge! Nani nimuulize hilo?

Mama Nyassa alipata cheti chake, mpaka leo anazalisha watoto Nundu. Wote tulifaulu. Na mimi? Nilipochapisha orodha, sabini na nane yangu ilikuwa hamsini. Hamsini kamili! Marehemu amekata alama, rufaa napeleka wapi?

Cheti nimekitundika ukutani. Kila Jumamosi nazima mashine, natoa betri, nashika feni, napuliza. Na kila Jumamosi, baada ya miaka yote hii, inatoka chembe moja nyeupe. Kwa hiyo wewe mwenye kompyuta, ifiche unapotaka, lakini unga uache upikwe. Na ukisikia baridi shingoni wakati unakula juu ya vibonyezo, usigeuke. Nawa mikono kwanza.