Kiganja Kooni

Mwalimu wa matamshi husugua viganja vyake mpaka vipate joto ndipo amshike mtoto. Wanafunzi wake hawasikii vizuri, na katika lugha ya kwao sauti isipopanda na kushuka inavyotakiwa, neno hugeuka jingine. Basi huuweka mkono wa mtoto kifuani pake anaposhusha sauti, na kooni anapoipandisha. “Tena, bibie. Usinionee huruma, koo langu la chuma,” humwambia binti mmoja, ambaye mama yake huketi nyuma akingoja siku ya kuitwa naye. Leo binti aliuondoa mkono, akashika koo lake mwenyewe, akaita. Sauti ilishuka, kisha ikapanda. “Abee, mwanangu,” mama akaitika. Mwalimu akamgeuza mtoto taratibu, auone mdomo unaomwitikia.