Shimo Chumbani kwa Shangazi

Utafiti wangu wa doktora ulihusu joto la nyumba. Nilitaka kujua kwa nini nyumba mpya za kwetu, zile za bloki za saruji na mabati, haziingiliki mchana. Na siku umeme utakapofika kweli Kasongo na Kabambare, ni kiasi gani kitaishia kwenye feni na mashine za kupoza hewa, kwa sababu tu nyumba zilijengwa vibaya? Chuoni, mbali sana na kwetu, swali hilo lilipendwa. Profesa wangu alisema kusini mwa Maniema, kwetu Kongo, hakuna aliyewahi kulipima, na kwamba mimi niliyezaliwa Kasongo ndiye wa kwenda.

Nilirudi na mfuko wa vipima joto. Kila kimoja kilikuwa cha plastiki nyeupe, kidogo kama kiberiti, chenye taa nyekundu iliyomulika na kuzima kila kilipopima joto la chumba. Nilivipachika katika nyumba za Kasongo, za matofali na za udongo, za mabati na za nyasi. Vichache nilivipeleka upande wa Kabambare, na kijijini Lusangi kimoja nilikipachika kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba.

Shangazi alikuwa mjane, mkulima wa mihogo na mpunga, na mama wa kwaya kanisani kwao. Nyumba yake alianza kuijenga na mume wake, mavuno kwa mavuno, na mume akafa kabla madirisha hayajatiwa. Alimalizia peke yake. Ilikuwa nyumba ya mabati bila dari, na aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, ingawa mchana kutwa alishinda katika jiko la nyasi nyuma ya uwanja kwa sababu ndani hakukalika.

Alinitazama nikigongomea kile kidude juu ya kitanda chake.

"Na hii iko inafanya nini?"

"Inapima joto, shangazi."

"Joto!" Akacheka. "Joto ya hii nyumba mimi najua. Ulipashwa kuniuliza tu."

Nikamweleza kadiri nilivyoweza: kwamba nitalinganisha chumba chake na vya wengine, kwamba baadaye wajenzi watajua waache nafasi gani chini ya paa na kuta ziwe nene kiasi gani. Alisikiliza kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni wa kanisa anayehubiri kwa lugha ngumu. Kisha akanipakulia ugali na sombe, majani ya mihogo. Sikuona lolote usoni mwake la kunitia wasiwasi.

Nyumba ya pili kutoka kwake ilikuwa imepangwa na wachimbaji wa dhahabu waliotoka Kivu, Waislamu na Wakristo pamoja, vijana wapole waliomnunulia mihogo na kumwita mama. Nilipotoka, mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu fupi, aliniuliza nimesomea nini. Nikasema nyumba. Akatikisa kichwa taratibu, hakuuliza tena.

Kutoka hapo nilienda Kabambare kwa pikipiki kupima kituo cha afya, ambako betri za sola zilikuwa zinachoka mapema kwa sababu feni za wodi hazikuzimwa kamwe. Nilikuwa hapo bado, nimepanda ngazi nikikagua paa, simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa kwaya ya shangazi.

"Dada, rudi. Wako wanachimba nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya shangazi yako. Ndani, chumbani."

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mara nyingi dereva alinishusha nikatembea kwenye tope huku yeye akiisukuma pikipiki. Njia nzima nilijiambia kwamba shangazi amevamiwa, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia wale wachimbaji, na ya kumwambia shefu, mkuu wa kijiji, kama wasingesikia.

Nilikuta watu wamejaa uwanjani. Kitanda, sufuria na masanduku ya nguo vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa vizuri chini ya mti wa mpapai. Wachimbaji walipokezana karai za udongo mlangoni, na kati yao niliona majirani niliowajua tangu utoto, hata mzee wa kanisa, mikono ya shati imekunjwa. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kigoda chake. Hakuwa analia. Alikuwa anawaelekeza pa kumwaga udongo.

"Shangazi, ni nani amewapa ruhusa?"

"Mimi."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Yeye akainuka, akanisogelea, na kusema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, ingawa walikuwa wamenyamaza wote:

"Mutoto ya kaka yangu, sababu gani ulinificha? Ungeniambia mimi kwanza. Mimi si mutu ya nje."

"Nilikuficha nini?"

"Ile masini yako iko inamulika usiku na mchana juu ya kitanda yangu. Hawa wanajua kazi ya dahabu, niliwaonyesha, walisema masini inamulika pale ambapo iko kitu."

"Inapima joto, shangazi. Nilikuambia."

"Uliniambia." Macho yake yalijaa maji kwa mara ya kwanza. "Mutu anasoma miaka yote ile, anaacha mama yake, anapanda ndege, halafu anarudi kupima joto? Joto, ambayo kila mutu anaisikia kwa ngozi yake? Usinifanye mujinga."

Hadi leo hakuna mwalimu aliyeniuliza swali lililonichoma kama hilo. Niliingia ndani. Shimo lilikuwa limekula sakafu nzima ya chumba, refu kuliko mtu, na ukutani juu yake kipima joto kilikuwa bado kinamulika. Hawakukigusa. Walikuwa wanakiogopa kidogo, nadhani, au wanakiheshimu.

Niliking'oa, nikakipeleka nje mbele ya wote. Nikafungua simu ambamo namba zake zilionekana. Nilikiweka juani, namba zikapanda. Nikakifunika kwa kitambaa kilicholowa maji, zikashuka. Nikampa mzee wa kanisa akishike kiganjani, nikampa na mkubwa wa wachimbaji. Baadhi ya wanawake walianza kuguna na kutazama chini. Yule mkubwa alikigeuzageuza, akanirudishia.

"Dada, sikatai," akasema. "Lakini masini inafuata mwenyewe. Ukiiambia ipime joto mbele yetu, itapima joto."

Akawageukia wenzake kuwapa amri ya kuendelea. Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono, nikasema ukuta hauna msingi wa maana, wamekwisha kuuchimba chini, utaanguka. Hilo nililijua kwa hakika, lilikuwa somo langu. Walinipita kwa upole, wakiniomba radhi.

Ukuta wa nyuma uliachia alasiri ile ile. Hapakuwa na mngurumo mkubwa. Bloki zilishuka kama mtu anayeketi, mabati yakalia, vumbi likatoka mlangoni. Mchimbaji mmoja alikuwa bado shimoni. Sote tulikimbilia pale, wale wa Kivu na majirani na mimi, tukatoa bloki kwa mikono mitupu hadi tukamfikia. Alikuwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pengi. Mkubwa wao alimfunga mguu kwenye ubao wa kitanda cha shangazi, wakamkalisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, wakaondoka naye kuelekea hospitali ya Kasongo. Niliposikia habari zake tena, alikuwa anatembelea gongo na amerudi kwao. Hakuchimba tena.

Shefu wa mahali alituita. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kila nyumba yenye kidude changu sasa iko hatarini, na aliniomba nivitoe vyote kabla ya jua kuzama siku iliyofuata, upande wote wa Kabambare. Nilivitoa. Kasongo peke yake ndipo vilipobaki, na hata huko watu wawili walinirudishia vyao mlangoni, bila maneno mengi.

Profesa alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho. Alinipa pole, kisha akaniambia niifute nyumba ile kwenye hesabu, kwa kuwa ukuta umeanguka na vipimo havina maana tena. Alikuwa sahihi. Niliifuta. Lakini katika utangulizi wa tasnifu niliandika kwamba nyumba moja iliharibika kwa sababu ya utafiti wenyewe, na alipotaka niiondoe sentensi hiyo, niliiacha ibaki.

Shangazi alikuja kukaa kwetu Kasongo. Kwa muda mrefu alizungumza na mama tu. Nikiingia, aliokota kitu cha kufanya. Watu wa kanisa lake walipoamua kumjengea nyumba nyingine kwenye uwanja ule ule, mbele ya ile iliyoanguka, nilienda nao. Safari hii niliwaomba wajenge kwa matofali mazito ya kuchoma, wainue paa na kuacha nafasi hewa ipite, na juu ya chumba tukatandika dari ya mikeka. Shangazi hakupinga wala hakuuliza. Aliwapikia wajenzi.

Nyumba hiyo ni baridi. Mchana wa kiangazi niliingia na kumkuta amelala ndani, mlango wazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika ile ya kwanza. Nilikaa kando yake hadi alipoamka. Akanisalimu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia kwamba kabla sijarudi chuoni nataka kutafuta vijana walifukie lile shimo la nyuma, maana mvua zitalijaza na watoto wa jirani wanacheza pale.

Alijifunga kitenge kiunoni.

"Wacha kwanza," akasema.

"Shangazi, hakuna kitu mule."

"Nimesikia. Wacha kwanza."

Nikaenda jikoni kuleta maji ya kunawa. Kabla ya kuondoka kesho yake, nililizungushia lile shimo uzio wa mianzi niliyoikata mwenyewe, na yeye alinishikia kamba nilipokuwa nafunga.