Nilivyoikagua miji mitatu ya Marekani nikiwa Guangzhou, kama ninavyokagua viwanda

Wakuu, habari za kwenu.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi na mwandishi wa mara moja moja. Leo nimeleta langu mwenyewe, na sitatia chumvi, kwa sababu mke wangu naye ni mwanachama humu na huu uzi atausoma kabla yenu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo ndugu zangu wa bara msianze kunisahihisha Kiswahili. Niko Guangzhou mwaka wa kumi na moja sasa.

Kazi yangu ni ukaguzi. Mtu yuko Nairobi au Lubumbashi, anataka viti mia nne, hana nafasi ya kuja China, basi ananituma mimi kiwandani. Naangalia mali, napiga picha, naandika ripoti, nasimamia mzigo mpaka unapakiwa kule bandarini Huangpu. Kiofisi changu kiko mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya pili, juu ya duka la simu.

Hii kazi naijua. Nasema bila kujivuna. Au tuseme kwa kujivuna kidogo.

Kila kiwanda kina showroom. Taa safi, sofa, chai ya moto. Mgeni huishia hapo, anarudi hotelini anafurahi. Mimi sofani sikai. Naomba nioneshwe choo cha wafanyakazi, mlango wa nyuma, na boksi la katikati ya rundo, siyo la juu. Laoban, yaani bosi mwenye mali, anakunja uso. Akishakunja uso ndipo najua nimefika penyewe.

Sasa tuje kwenye mada.

Mke wangu ni nesi, yuko Mombasa. Tuna binti mmoja, Nasra, ana miaka kumi. Mama Nasra alisoma miaka miwili, anatoka shift anafungua vitabu, akafanya mtihani wa manesi wa Marekani akapita. Wakala wa ajira akamletea hospitali tatu achague moja: Houston, Phoenix na Minneapolis. Siku kumi na nne awe amejibu. Viza ni ya familia, makaratasi yana majina matatu.

Niseme na hili, maana ndilo lenyewe. Mimi na Mama Nasra tumeoana mwaka wa kumi na mbili huu, na muda tuliokaa chini ya paa moja haufiki hata miaka miwili. Mimi nilikuja China kwa miezi mitatu tu, kuangalia upepo. Nasra alianza kutembea sipo, akaanza shule sipo, akang'oka jino la kwanza nikaliona kwenye simu.

Siku majina ya miji yalipokuja, Mama Nasra alinipigia akaniambia, "Wewe kazi yako si kukagua? Basi nikagulie mji. Nataka safari hii tukae nyumba moja."

Nikamwambia hiyo niachie mimi.

Wakuu, watu wengi wanachagua mji wa Marekani kwa video za mtandaoni. Jamaa anaendesha gari katikati ya maghorofa, muziki nyuma, jua linazama. Hiyo ni showroom. Hakuna anayekuonesha akienda kununua kitunguu.

Mimi nikafanya kama kiwandani. Kila mji nina mteja anayenunua mali huku, na kila mmoja ana sababu ya kuniheshimu, maana mzigo wake uko mikononi mwangu. Nikawaomba kitu kimoja kila mmoja: nenda mpaka hospitali ile, piga video call, kamera naongoza mimi. Usinioneshe unachotaka wewe.

Nilitaka kuona mambo manne. Kituo cha basi saa za kubadilishana shift, maana Mama Nasra gari haendeshi na hataki kusikia habari zake tangu apate ajali pale Nyali. Duka la chakula. Geti la shule. Na chumba cha kufulia nguo cha nyumba za kupanga za jirani, kwa sababu hakuna mahali jengo linaficha uchafu wake kama huko.

Phoenix nilianza na Maman Béatrice, Mkongo, mama wa vitenge, ananunua kwangu tangu nikiwa mgeni. Alitoka nje na simu. Barabara pana, nyumba nzuri, mbingu safi kabisa. Nikamwambia tembea mpaka dukani.

"Mon frère, ndugu yangu," akanijibu, "hapa mutu hatembee na miguu. Wakati ya joto utaungua. Nikamate gari ao nirudi ndani?"

Nikamwambia rudi ndani, mama. Phoenix nikaiwekea alama ya kukataa.

Houston nina Kamau, mtu wa Nyeri, ana mkahawa, viti vyake vyote vimepita mikononi mwangu. Houston niliitamani kweli. Joto la kwetu, samaki, bandari kubwa. Ila hospitali yenyewe haikuwa mjini, ilikuwa viungani huko. Kamau aliegesha gari akatembea kwenye majani kando ya barabara, magari yanampita, kwa sababu sehemu ya kutembea iliishia njiani.

"Boss, bila gari hapa wewe ni kama mtoto," akasema. "Hata mkate utaomba lift."

Nikaandika: inafaa mwenye gari tu.

Minneapolis nina Bi Saada. Huyu ni wa kwetu, Mombasa, mtu mzima, anauza mitandio na mapazia. Kwake ilikuwa asubuhi, theluji imejaa, na mimi huku usiku umeingia, nimekaa ofisini na fulana. Akatoka amevaa mpaka hujui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Akasimama kituoni. Basi likaja. Manesi wakashuka, wengine wamejifunga hijabu. Akaenda dukani, nyama halali ipo, unga wa chapati upo. Geti la shule akanionesha, na madrasa ya Jumamosi hapo hapo jirani. Chumba cha kufulia kisafi kuliko jiko langu.

Wakuu, nilifurahi kama siku nilipokamata boksi la viatu vya mguu mmoja pale sokoni Liuhua.

"Sasa mnataka nyumba ya watu wangapi?" Bi Saada akauliza.

"Wawili," nikamjibu, nikaendelea kumuuliza mashine za kufulia zinatumia sarafu au kadi.

Niliandika ripoti siku mbili. Kurasa tisa na picha. Ramani ya basi. Chumba cha kulala, meza ya Nasra ya kusomea karibu na dirisha. Kwenye hali ya hewa niliandika mstari mmoja: kuna baridi, itazoeleka. Mwishoni nikaweka pendekezo, Minneapolis, na saini yangu chini. Nimeandikia matajiri ripoti, lakini hii ndiyo bora niliyowahi kuandika. Nikamtumia.

Nilisubiri sifa.

Ilikuja sauti yake kwenye simu, sekunde chache tu. Naiandika kama alivyosema, ameshaniruhusu.

"Baba Nasra, ripoti nimeisoma yote. Kitanda changu nimekiona, na meza ya mtoto nimeiona. Nyumba umeandika ya watu wawili. Makaratasi yana majina matatu. Huyo wa tatu umemwacha wapi? Na hiyo baridi itazoelekwa na nani?"

Nikafungua ripoti nikaanza kuitafuta hiyo namba, nikijua nitakuta kosa la kuandika. Haikuwa kosa la kuandika. Ilikuwa ukurasa wa pili watu wawili, wa tano watu wawili, wa saba vitanda viwili. Hata viti vya mezani nilihesabu viwili. Mimi, ambaye nikikuta boksi moja limepungua kwenye kontena nasimamisha lori.

Kwanza nilikasirika. Nikaandika ujumbe mrefu wa kujitetea, kwamba biashara haiachwi hivi hivi, kwamba nitakuwa nakuja likizo, kwamba nani angewalisha miaka yote hii. Nilipoisoma hiyo "nitakuwa nakuja likizo" vidole vikaacha kuandika. Nikaufuta wote.

Nikashuka kutembea hapo Dengfeng. Ukweli niliouona huko barabarani nauandika hapa ingawa haunipendezi. Nikipita mtaa ule, wa kubadilisha fedha ananiita laoban, mama wa mgahawa ananiita laoban, mpaka mlinzi wa jengo. Marekani hakuna anayenijua. Kule nitakuwa mume wa nesi. Niliogopa, wakuu. Hofu yangu niliifunga ndani ya kurasa tisa nikaipa jina la ripoti, na mke wangu akaifungua kwa sekunde chache.

Niliona aibu sana. Si ya kuchekesha, ile ya kukunyima chakula.

Kesho yake nikampigia tena Bi Saada. Safari hii nikaanza na baridi. Inauma vipi? Gari likifunikwa theluji nani anaifukua, na kwa kifaa gani? Mwanaume wa miaka arobaini na nne ambaye anachojua ni kukagua mizigo anapata kazi gani?

Alicheka mpaka akakohoa.

"Kuna maghala hapa, wataka watu wa kukagua mizigo. Utaanza chini, tena chini sana, utaamrishwa na watoto. Lakini kazi ipo," akasema. Halafu akaniambia, "Siku ile nilijua huji, Baba Nasra. Wauliza mashine ya kufulia, viatu huulizi. Mtu anayekuja huku, cha kwanza huuliza viatu."

Nikamshukuru.

Nikampigia Mama Nasra. Nikamwambia umeniona, na uliloliona ni kweli, na nakuja. Si kutembea, nakuja kukaa. Kisha nikamwambia, tena kwa furaha, kwamba nikiwepo mimi hesabu inabadilika, dereva yupo, kwa hiyo hata Houston tunaweza, tukakwepa baridi.

"Hapana," akasema. "Minneapolis. Nataka mji ambao hata ukirudi kuwa mgeni, mimi nitafika kazini na mtoto atafika shule."

Wakuu, hilo lilinikaa. Miaka kumi na moja ya maneno ya simu haifutwi kwa simu moja zaidi. Ningekuwa mimi ndiye mnunuzi, na muuzaji ana rekodi kama yangu, ningeandika hivyo hivyo.

Amemjibu wakala: Minneapolis, watu watatu. Mchakato unaendelea, taratibu kama ilivyo. Mimi ofisi nimempa notisi mwenye jengo, na wateja nimeanza kuwakabidhi kwa jamaa wa Tanga ambaye naye hakai sofani.

Wiki iliyopita nilikwenda Liuhua, soko la jumla la nguo. Kuna mama wa Kichina pale, tumefanya naye kazi tangu mwanzo, hajawahi kuniuzia chini ya vipande mia mbili. Nikamwonesha makoti mazito ya baridi. Akatoa kikokotoo, kalamu sikioni, akauliza mia ngapi. Nikamnyooshea vidole vitatu. Akaandika mia tatu. Nikafuta sifuri mbili.

Rejareja hauzi, mnajua wenyewe jibu lao, mei you, hakuna. Nikamwonesha picha ya Mama Nasra na Nasra kwenye simu, halafu nikajigonga kifua. Akaingia nyuma mwenyewe, akafungua boksi la katikati, akatoa la mama, la mtoto, na kubwa moja. Hilo kubwa akanishika mabega akanivalisha, akafunga zipu mpaka kidevuni, katika joto lile, nikatoka jasho nimesimama hapo huku watu wanacheka.

Nililipa bila kupunguziwa hata senti. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya China.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitafuta mji wa kuhamia, kagua basi, kagua duka, kagua shule, usiamini showroom. Hayo nayasimamia mpaka kesho. Ila kabla ya yote hesabu watu, na ukimaliza hesabu tena uone kama wewe mwenyewe umo.

Wenye maoni karibuni, hata wa kunisema, nimeshasemwa na bingwa. Na mlioko Minneapolis au popote penye theluji, nisaidieni jambo moja. Navaa namba arobaini na tatu. Buti ninunue huku, au nisubiri nifike?