Koti la Karatasi

Nikisikia harufu ya udi wa Kichina, ule wa njiti, hasira hunipanda mpaka leo. Tusifichane.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, kifua kilimsumbua, akazikwa hapahapa Johannesburg, mbali na ndugu zake wote wa Tanga. Baba, fundi cherehani wa mtaa wa Malvern, hakumtaja tena. Ukimuuliza habari za mama, alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asikusikie. Nilimchukia kwa hilo.

Kununua nyuzi, baba alinituma kwa Bi Lan, mama wa Kichina mwenye duka mtaa wa Observatory. Nyuma ya kaunta udi ulifuka mbele ya kisanamu chekundu, naye akinihadithia habari za kwao: mji mkongwe wa mpakani, ukuta wa udongo, nje yake jangwa tupu. Zamani askari waliletwa kutoka mbali kuulinda, wakafia pale, ndugu zao wasijue hata kaburi. Basi kila baridi ikianza, watu walikata nguo za karatasi, wakaandika majina, wakazichoma kwenye hekalu la mlinzi wa mji, ili wafu wasipigwe na baridi.

"Jina usisahau," alinionya. "Bila jina, atavaa mwingine."

Mimi mtoto wa fundi, nguo ya karatasi ingenishinda wapi? Juu ya kabati la baba nilikuta karatasi ya kaki imekunjwa, tayari imekatwa mgongo, mikono na kola. Nikaandika jina la mama kwa herufi kubwa, nikaichoma kwenye ndoo uani.

Baba alinikuta majivu bado yana moto. Akanizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani.

"Eish, Zuhura! Vile vilikuwa vipimo vya mama yako."

Kisha akakaa chini, akalia. Sikuwahi kumwona baba akimlilia mama mwenyewe, ila karatasi aliililia. Nilimnunia wiki nzima.

Miaka ikapita. Siku moja alikuwa ananipima koti la shule, akafika mabegani, akasita.

"Sawasawa na mama yako," akasema. Halafu akaendelea kutaja vipimo, macho kafumba, hana karatasi wala nini: mabega, kifua, kiuno, mkono, vyote vya mama. "Ile karatasi uliyochoma ilikuwa ya koti lake la baridi. Nilimwahidi. Sare za wateja zilikuwa nyingi, mwanangu."

Ndipo nikajua siku ile uani alikuwa analilia nini. Nikakumbuka mama alivyokohoa msimu mzima ndani ya sweta la mtumba, hatua tatu kutoka kwenye cherehani.

Nimemwelewa baba, lakini sijamsamehe. Vitambaa vilijaa rafuni na vipimo alivijua kwa kichwa, na koti pekee alilopata mama alipelekewa na mtoto wa miaka tisa, kwa kiberiti.