Wigi la Meneja

Loji yetu hapa Karatu hufungwa masika yanapokolea, maana wageni hawapendi tope. Mwaka ule nilikwenda likizo kwetu Nainokanoka na nywele zangu za kusuka, nikarudi kichwa kitupu. Mwanangu wa kwanza alikuwa ametahiriwa. Kwetu mtoto akiingia jando, mama yake naye hunyolewa. Mama mkwe wangu ndiye aliyenikalisha chini, akanilowanisha kichwa kwa maziwa na maji, akapitisha wembe mpaka nikausikia upepo wa mlimani kwenye ngozi. Nililia kwa furaha, na sioni aibu kusema. Mtoto niliyembeba mgongoni anakuwa mwanamume!

Siku ya kurudi kazini miguu ndiyo iliyoanza kugoma. Ilikuwa imezoea katambuga za tairi, sasa naisokomeza kwenye viatu vya kisigino. Mdomo nao ulikuwa mzito. Likizo nzima nilikuwa naongea Kimaasai tu, leo natakiwa nitabasamu kutwa nzima na kuwauliza wageni kwa Kiingereza kama wamelala salama. Alfajiri nilipapasa kando ya kitanda nikitafuta kibuyu cha kukamulia, nikashika ndoo ya deki. Nikacheka peke yangu. Hayo yote najua hupita.

Ambalo sikulitegemea ni meneja. Alikuwa mgeni pale, mtu wa mjini, mpole wa sauti. Aliponiona aliniuliza kama niliugua. Nikamweleza habari ya mwanangu, akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, nikadhani yameisha. Baada ya chai akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mna wigi, nywele ndefu nyeusi zimenyooka, bado lina karatasi ya dukani. Akasema wageni wa kwanza wanaingia mchana, na wakiniona hivi watafikiri wamefika hospitali. Kwa hiyo ama nivae, ama niende dobi, kwenye chumba cha kufulia, mpaka nywele ziote.

Dobi! Jamani, kule nakujua mimi. Ndiko nilikoanzia, nikifua mashuka mpaka vidole vikachubuka kwa dawa ya madoa. Kiingereza nilijifunza kwa kuwasikiliza madereva wakila. Hakuna aliyenipa meza ya mapokezi kwa huruma. Na nilishaona wenzangu: pale kwetu anayerudishwa dobi harudi tena mbele.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikaenda kusimama ukutani, chini ya ile picha kubwa ambayo kila mgeni akiingia anatoa simu kuipiga picha. Ni ya wanawake wa Kimaasai, shanga hadi mabegani, vichwa vimenyolewa vinang'aa.

"Bosi, na hawa tuwavalishe?" nikamuuliza.

Akasema ule ni utamaduni, hii ni kazi.

"Basi chagua. Ukinipeleka dobi kwa sababu ya kichwa hiki, ishushe na hiyo picha. Wageni wakiuliza imekwenda wapi, utawajibu wewe. Wigi sivai, ng'o."

Mpishi aliyekuwa anapita na trei alisimama palepale. Meneja aliukunja ule mfuko, akaukunja tena, akaingia nao ofisini. Mimi nikabaki nimeishika meza kwa mikono miwili. Nisidanganye, nilishaanza kufikiria nitamwambia nini mume wangu. Lakini magari yalipoingia mchana nilifungua mlango mwenyewe, nikawakaribisha na kichwa changu kikiwa wazi. Hakuna aliyezimia. Mmoja aliomba maji ya moto, waliobaki walitaka intaneti.

Nywele ziliota. Msimu wa wageni ulipochanganya, asubuhi moja meneja alipita mapokezi, akanitazama kichwani, akatabasamu kama mtu aliyenisamehe.

"Sasa umependeza, dada," akasema. "Umerudi kuwa mtu wa mapokezi."

Nikamshukuru kwa adabu zote. Siku yangu ya mapumziko ilipofika nilikwenda kwa kinyozi karibu na soko, nikakaa kwenye kiti, nikamwambia apitishe mashine, asibakize hata unywele mmoja. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, kesho naingia kazini.