Baba Aliyekiri Kuona

Mtu wa kwetu Machakos ukimuuliza habari atakujibu mzuri, hata kama amebebwa mgongoni kupelekwa hospitali. Hiyo mzuri ni adabu tu. Ukweli unafuata baadaye, baada ya maneno matatu ambayo sote tunayajua: ni vile tu. Mzuri, ni vile tu huu mguu hauniachi nilale. Mzuri, ni vile tu ng'ombe amekufa jana. Nilikua nikiyasikia maneno hayo kila siku, na sikujua kwamba yana kazi yoyote mpaka baba yangu alipoyapiga marufuku nyumbani kwetu Kathiani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Athi River, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Alirudi nyumbani na barua moja na koti la kazini, akalala. Wiki ya kwanza alilala, na ya pili pia. Ya tatu, mtu akampa karatasi ya mwaliko: mwalimu wa mafanikio kutoka Nairobi angefundisha katika ukumbi wa hoteli moja mjini Machakos. Mama aliniamuru niandamane naye, nihakikishe hatii sahihi kwenye kitu chochote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nafundisha shule ya msingi bila cheti, kwa hiyo nilihesabiwa kuwa msomi.

Mwalimu wa mafanikio alivaa suti ya rangi ya chai ya maziwa na viatu vilivyochongoka mbele. Alitwambia tufumbe macho tuone maisha tunayoyataka. Wengine waliona magari, wengine nyumba za vigae. Mimi niliona chapati, maana tulitoka nyumbani bila kunywa chai. Baba alifumba macho kwa muda mrefu hata nikamgusa kiwiko. Kisha tukapewa orodha ya maneno ya kuepuka: sina, siwezi, hakuna, imeisha, na jamaa zao wote. Mdomo wako, mwalimu alisema, ni kiwanda, na unachokikiri ndicho unachokitengeneza. Ukumbi ulijaa wanaume waliofukuzwa viwandani majuzi tu, kwa hiyo habari ya kumiliki kiwanda, hata kama ni cha mdomoni, iliwaingia sana.

Tulipotoka, gari la mwalimu lilikataa kuwaka. Hakusema limeharibika. Alisema linahitaji kutiwa moyo, akaomba washindi wachache, maana ndivyo alivyotuita, walisukume, na yeye akaketi kwenye usukani. Baba alikuwa wa kwanza. Alisukuma mpaka barabarani, shati limemganda mgongoni, na gari lilipowaka akarudi kwangu anang'aa kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilimtazama nikajua tuko taabani.

Sheria ilianza jioni ile ile. Mama, ambaye alikuwa akiuza machungwa kando ya barabara pale Kyumbi na hakuwa na nafasi ya kwenda semina, alisema unga umeisha. Baba akamsahihisha kwa upole: aseme unga uko njiani. Mama akafunika sufuria.

"Ukiuona mahali umefika," alisema, "uuambie maji yashachemka."

Kupunguzwa kazi kuliitwa sasa kufunguliwa. Kiangazi kiliitwa mvua inayojipanga. Wageni waliumia kuliko sisi, kwa sababu hawakujua sheria. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alikuja akasalimia vizuri, kisha akaanza, mzuri, ni vile tu huu mgongo. Baba akainua mkono kama polisi wa trafiki na kumwomba hiyo ya pili aiache nje ya mlango. Yule mama alizunguka nyuma ya jikoni akamwelezea mama yangu mgongo wake kwa nusu saa. Tangu siku hiyo ukweli wote wa boma letu ulihamia nyuma ya jikoni. Mimi na mama tulikuwa tukikutana huko na kucheka, na baba alibaki sebuleni na ushindi wake.

Lakini nisimwonee. Aliamka. Wenzake wa kiwandani walikuwa bado wamelala, au wako kilabuni wakilaani serikali, na baba yangu ananyoa ndevu saa kumi na mbili asubuhi. Ujanani alijifunza kutengeneza redio kwa masomo ya posta, na sasa akafungua kibanda cha mabati pale sokoni, watu wakamletea redio zao. Zikaongea. Kwa hiyo nikiulizwa leo kama mawazo mema yanaweza kubadilisha maisha ya mtu, sitasema ni uongo mtupu. Yanaweza kumwosha uso na kumtoa kitandani, hayo niliyaona kwa macho yangu. Ni vile tu kuna sehemu za mwili ambazo hazina masikio. Kwa baba yangu zilikuwa macho.

Ilianza na chai. Aliimimina kando ya kikombe, akasema kikombe kimesogezwa. Kisha akawa anagonga bega kwenye mlango aliouweka mwenyewe, akasema mlango unamsalimia. Alijichoma kidole gumba kwa chuma cha kulehemu, mara moja, mara mbili, na watu wakaanza kurudishiwa redio ambazo zilikuwa bubu kuliko zilivyoletwa. Aliwaambia zitasema. Mmoja aliuliza lini, na baba akamwonea huruma kwa imani yake ndogo.

Mama alimwambia aende hospitali. Baba alijibu, "Siwezi kwenda kukiri ugonjwa ambao sina." Mama akamwonyesha kwamba ametumia siwezi na sina ndani ya sentensi moja, na yeye akatoka nje kwenda kujirekebisha.

Ndipo likaja tangazo kwamba madaktari wageni wangepima watu macho bila malipo kwenye uwanja wa kanisa fulani. Mama hakubishana naye tena. Alimwambia tu kwamba lingekuwa jambo zuri aende akakiri mbele ya madaktari kwamba anaona, maana kukiri mbele ya mke hakuna ushahidi. Baba alipenda hilo neno ushahidi. Alinyoa, akavaa koti, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikampeleka.

Foleni ilianzia nje ya darasa la shule ya Jumapili. Ukutani kulikuwa na karatasi nyeupe yenye safu za alama nyeusi, kila alama kama meza ya miguu mitatu iliyoangushwa, kubwa juu na ndogo chini. Nesi alionyesha kwa fimbo na kuuliza miguu ya meza inaelekea wapi, na mtu, jicho moja limefunikwa kwa kiganja, anajibu juu, chini, kulia au kushoto. Aliyekosea alipelekwa chumba cha ndani kwa daktari, ambako kulikuwa na mashine ya kupima presha ya macho. Aliyepatia alipewa kadi yenye muhuri akaenda nyumbani. Karatasi ilikuwa ile ile moja kwa watu wote, na fimbo ilifuata mpangilio ule ule tangu asubuhi.

Tulikaa kwenye foleni kama saa mbili, baba mbele, mimi nyuma yake. Nikaona midomo yake inacheza. Nilidhani anakiri. Nikasogea, nikasikia, na hakuwa akinong'ona sana: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Kila mtu wa mbele alipojibu, baba alirudia. Alipofika mlangoni alikuwa ameihifadhi karatasi nzima kama mtoto anavyohifadhi mstari wa Biblia wa kusema Krismasi.

Zamu yake ilipofika alisimama wima, akafunika jicho la kulia, akaanza. Alikwenda mbio kuliko fimbo. Nesi alikuwa bado anainua mkono kwenda safu ya tatu na baba alishamaliza ya nne. Jicho la pili vivyo hivyo. Nesi, ambaye alikuwa amechoka na bado alikuwa na watu mpaka barabarani, alicheka.

"Mzee, uko na macho ya kijana," alisema.

"Nakiri hivyo," baba alijibu.

Akapewa kadi. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na sikusema kitu.

Kwa miaka mingi nimewaeleza watu kwamba ilikuwa heshima. Msichana wa Kikamba hamwaibishi baba yake mbele ya foleni. Hiyo ni kweli, na inapendeza kuisema. Lakini nilijua wakati ule ule kilichonifunga mdomo. Nilikuwa naumauma midomo nisicheke. Kisa kilikuwa kitamu mno, na nilishaanza kukipanga kichwani jinsi nitakavyokisimulia nyuma ya jikoni, mahali pa kunyamaza kidogo, mahali pa kuiga sauti ya nesi. Nilikisimulia jioni hiyo, na mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha akaacha.

"Kwa hivyo daktari hakumwona?" aliuliza.

Nikasema hapana. Akarudi kuchambua maharagwe.

Kesho yake alimwomba baba aende hospitali kubwa. Baba akamwonyesha kadi. Kadi ilikuwa na muhuri, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kushinda muhuri. Aliitundika kibandani juu ya meza ya redio, na kila aliyelalamika kuhusu redio bubu alionyeshwa kwamba fundi ana macho ya kijana, imeandikwa.

Ilipita miaka miwili na zaidi. Redio ziliacha kuja. Baba aliacha kwenda sokoni peke yake, na akawa anasema amechoka na kelele za soko. Siku moja alikosa ngazi ya nyumba yetu wenyewe akaanguka mbele ya kuku, na alipoinuliwa hakusema neno lolote la ushindi. Aliuliza tu kama tungeweza kumpeleka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimulika macho kwa muda mrefu, kisha akazima taa na kutueleza bila kuzunguka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo la kuonea katikati, kama kifungo cha shati. Kilichopotea hakirudi, dawa italinda kilichobaki, na angeletwa mapema angelindiwa zaidi. Akauliza kama hajawahi kupimwa. Baba akaingiza mkono kwenye koti akatoa ile kadi, ambayo alishaitungua kibandani. Daktari aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, akairudisha.

Tuliketi kwenye benchi la nje kungoja dawa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu nilikuwa nimeiandaa kwa miaka. Nilianza na yule mwalimu wa suti ya chai ya maziwa, nikasema alikula jasho la watu wazima na kuwaacha wanasukuma gari. Nikaenda kwa orodha ya maneno, nikaenda kwa unga ulio njiani. Nilisema vizuri sana. Baba alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza redio mbovu kabla ya kuifungua. Nilipomaliza, aliniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake, na hivyo ndivyo alivyoniita alipokuwa na jambo.

"Mwaitu, ile siku ya foleni, ulikuwa nyuma yangu?"

Nikasema nilikuwa.

"Ulinisikia nikishika zile meza kwa kichwa?"

Nikasema nilisikia.

"Nilikuwa nasema kwa sauti ndio usikie," alisema. "Mimi nilikuwa nishajifunga na mdomo wangu, singeweza kujifungua mbele ya watu. Nikasema, huyu ni mwalimu, na hii maneno ya semina hajawahi kuipenda. Yeye lazima atasema. Nilimaliza hata ile safu ya mwisho nikingoja useme."

Miaka mitano nilikuwa na mzaha tayari kwa kila neno lililotoka kinywani mwake, na sasa nilitafuta neno lolote, zuri au baya, nikakosa.

"Mbona hukusema?" aliuliza, bila ukali, kama anayetaka tu kujua.

Kwenye dirisha la dawa wakaita jina lake. Aliinuka kabla sijamshika mkono, akanyoosha koti, akaanza kutembea kuelekea ukuta usio na dirisha.