Fundi Anayeandika Umeme Sakafuni

Saa tatu asubuhi, pikipiki nyekundu inayong'aa kama imetoka dukani jana inasukumwa hadi mlangoni mwa karakana. Anayeisukuma ni mkunga wa miaka hamsini na miwili, begi la kazi mgongoni, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Dada, hii ni siku yake ya mwisho," anasema kabla hata ya salamu. "Saa nane mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja nyumbani kuichukua. Nimeileta kwako ili moyo usije ukanisuta."

"Karibu, mama. Kaa kwanza upumue," anajibu fundi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye mtaa mzima unamwita Chaki. "Inaumwa nini?"

"Inakula betri. Hii ni ya tatu ndani ya miezi mitano. Fundi wa kwanza kasema betri. Wa pili kasema betri. Wa tatu hata hakuinuka kwenye kiti, kasema betri."

Pikipiki hiyo ina miaka ishirini na miwili. Ndiyo inayomfikisha mkunga kwa wajawazito wanaoishi kusikofika gari. Wiki iliyopita ilimzimikia njiani, akatembea saa nzima, akakuta mtoto keshazaliwa mikononi mwa bibi yake. Mama mzima, mtoto mzima.

"Safari ile Mungu alinisitiri," anasema. "Sitamjaribu mara ya pili. Bora nibaki na miguu yangu. Inachoka, lakini haidanganyi."

Chaki haigusi betri. Anachukua mita yake ya kupimia umeme, anachomoa kipande cha chaki nyuma ya sikio, anachuchumaa.

"Betri ni mtungi, mama. Mtungi ukikutwa mtupu kila asubuhi, usimgombeze mfinyanzi kabla hujatazama bomba."

Injini ikiwa imezimwa, betri inasoma volti 12.3. Anaandika sakafuni. Anapiga kiki, injini inakohoa, inakubali. Anavuta mafuta: 12.4. Anaandika tena, chini yake anapiga mstari.

"Hapa tulitakiwa tuone kumi na nne na ushee. Chaji haifiki."

Anachomoa waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya chaji, anazipima mbilimbili huku injini ikinguruma. Namba tatu, zote sawa. Koili nzima. Anazirudisha. Sasa macho yote yako kwenye rektifaya, kile kifaa kinachougeuza umeme wa koili na kuudhibiti ili betri iweze kuupokea.

"Chaki, funga rektifaya mpya tumalize!" anapaza sauti fundi matairi wa jirani. "Mama anasubiriwa na watu ambao hata hawajazaliwa!"

"Ziba matundu yako wewe! Hewa ikikutoroka, mbona huniiti?"

Rektifaya mpya ipo rafuni, ndani ya boksi lake. Mkono wake hauendi huko, na una sababu.

Kabla ya ufundi, Chaki aliuza vipuri kaunta miaka sita. Aliona watu walewale wakirudi kununua betri zilezile, akashikwa na udadisi, akaenda kujifunza. Mwaka wake wa kwanza alipata pikipiki mbili kwa wiki. Mmoja wa wateja hao alikuwa msambaza mikate. Chaki alimbadilishia betri mara tatu, kumbe kosa lilikuwa kishikio cha fyuzi kilichoungua.

"Alikuja akazipanga zile betri tatu mbele yangu, akaondoka," anakumbuka. "Hakunitukana. Angenitukana ningepona mapema."

Tangu siku hiyo hafungui boksi la kifaa kipya kabla namba hazijaandikwa mahali mteja anapoziona. Leo hupokea pikipiki tatu kwa siku, na siku njema tano.

Anaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa rektifaya, nyingine kwenye hasi ya betri. Injini inanguruma. Pakiwa pazima, hapo husomeka karibu na sifuri.

Inasoma volti 2.1.

Chaki anacheka peke yake. "Mama, hii rangi nzuri hivi nani kapaka?"

Kwa mara ya kwanza mkunga anatabasamu. "Mzee wangu, baba watoto. Nilipotimiza miaka thelathini kazini. Siku nne nzima, mpaka chini ya kiti."

"Na betri ya kwanza ilikufa lini?"

Mkunga anahesabu kwa vidole. Kidole kinasimama hewani. "Mama yangu!"

Mzee alifungua kila nati, akaipaka chasi, kisha akaifunga rektifaya na waya wake wa kurudishia umeme juu ya rangi ileile. Rangi haipitishi umeme. Chaji ilikuwa na njia ya kwenda, ya kurudi ikazibwa.

"Kumbe mapenzi nayo yanakula betri!" anadakia fundi matairi.

"Usimseme mzee wa watu," Chaki anamkata. "Angekuwa mvivu, mama angekuwa na chaji."

Anakwangua kwa msasa hadi chuma kinang'aa, sehemu mbili zisizozidi sarafu kwa upana. Anakaza, anapaka grisi juu yake. Anapiga kiki.

Mkunga anainama asome mwenyewe chaki inapogusa sakafu. "Kumi na nne nukta mbili," anatamka, kwa sauti anayosomea uzito wa mtoto kwenye mizani.

"Betri imechoka kidogo, haijafa. Itembeze, urudi Jumatatu niipime."

Mkunga ananyanyua simu. "Baba, mwambie yule wa vyuma chakavu asije... Siyo kwenye simu. Nikirudi tutaongea habari ya brashi yako."

Anapanda, anapiga honi ndefu isiyo na sababu, anaondoka.

Chaki anabaki akitazama namba zake sakafuni. Ameshanunua mita nne za mtumba, anatafuta mbili nyingine. Mwezi ujao, kila Jumamosi, chumba cha nyuma kitakuwa darasa la mafundi wenzake: kupima kwanza, kusema baadaye.

"Wale mafundi wawili wa kwanza wa mama nitawatumia salamu, watakuja," anasema akirudisha chaki nyuma ya sikio. "Yule wa tatu nitamfuata mwenyewe. Na kile kiti chake aje nacho, maana vya kwangu bado havitoshi."